Nyuki wa parseli yetu, Katindo

Ukitaja nyuki hapa Goma, mtu atakumbuka asali ya chupa pale sokoni, au atakumbuka siku aliyokimbia. Leo nawaandikia habari za nyuki wengine: wasio na mzinga, wasio na malkia, wasioweka asali ya mtu kwenda kuvuna. Kwa kawaida kila jike ana nyumba yake, anajenga peke yake, anawawekea watoto chakula peke yake. Hao ndio wengi. Dunia ina aina zaidi ya 20,000 za nyuki zinazojulikana, na nyuki wa asali wa kwetu Afrika, Apis mellifera, ni aina moja tu kati ya hizo. Wale wengine tunaishi nao, ndani ya mbao za nyumba, ndani ya mawe ya ukuta, ndani ya udongo wa njia ya kwenda chooni, na kila siku tunawafukuza kwa simenti na dawa huku tukilalamika kwamba tomati hazizai.

Parseli yetu, hapa mtaa wa Katindo, ni ya kawaida. Nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano, ukuta wa nyuma wa mawe yaleyale yaliyopangwa bila simenti, paa la bati, tangi la maji ya mvua. Bustani iko kati ya nyumba na ukuta: tomati, biringanya, maharage, maboga yanayotambaa mpaka juu ya choo, mwavoka mmoja, marakuja kwenye waya, lengalenga popote palipobaki nafasi, na waridi ambalo marehemu mume wangu alilipanda mwaka tulioingia hapa. Udongo wenyewe haukuwepo. Aliyekaa Goma anaelewa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani, na hata pale ambapo haikupita mwaka huo, chini kuna lava ya zamani zaidi. Ukitaka kulima unanunua udongo kwa gunia au kwa gari, unaumwaga juu ya jiwe. Wetu una kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, halafu jembe linalia. Januari 2025, vita vilipoingia mjini na benki zikafungwa, bustani ndogo za namna hii zililisha watu. Kwa hiyo ninapoandika juu ya wadudu, naomba mtu asidhani ni mchezo. Naandika juu ya chakula.

Mimi ni fundi wa kushona. Mashini yangu ni ya kukanyaga, iko dirishani kwa ajili ya mwanga, na dirisha linatazama bustani. Macho yakichoka na sindano nayapumzisha nje. Ndivyo nilivyowaona.

Wa kwanza alikuwa mkata majani. Waridi lilikuwa linaliwa pembeni mwa majani, lakini mkato wenyewe ulinisumbua akili. Kiwavi akila jani anaacha ukingo wenye meno, na anaacha kinyesi. Hapa palikuwa na nusu duara safi, laini mwanzo hadi mwisho. Nimekata vikwembe miaka mingi, na mkato wa mtu anayejua anachokwenda kushona nautambua. Jirani alipita akasema, “Mama, waridi lako linaugua, litie dawa.” Nikamwambia tungoje kwanza tumwone fundi.

Fundi alikuja kwenye saa nne, jua likiwa limeshapanda juu ya ukuta. Ni nyuki wa kimo cha kawaida, mweusi, kichwa kipana, na chini ya tumbo ana nywele za rangi ya kutu. Alisimama ukingoni mwa jani, akalibana katikati ya miguu, akaanza kukata kwa taya huku akijizungusha. Sekunde chache tu. Kabla kipande hakijaachia, mabawa yakaanza kupiga ili asianguke nacho. Akaruka amekikunja chini ya tumbo, nami nikamfuata mpaka ukutani. Jiwe la lava lina vishimo, kwa kuwa gesi ilikuwa inatoka ndani yake wakati linaganda, na baadhi ya vishimo vinaingia ndani sana. Akazama kwenye kimoja ambacho kidole changu cha mwisho hakipiti. Baada ya muda mfupi akatoka mikono mitupu, akarudi kwenye waridi.

Nyuki hawa wanaitwa Megachile. Wanakata modeli mbili. Vipande virefu vya mviringo ni vya ukuta na kitako cha chumba. Vipande vya duara kamili ni vya kifuniko. Anavipanga vikipandiana, kingo anazitafuna kidogo ili zishikane. Ndani anaweka chavua, ule unga wa njano wa maua, akiwa ameikanda kwa nekta, yale maji matamu ya maua. Juu yake anataga yai moja, anafunika. Mbele ya chumba hicho anaanza kingine, na kingine, mpaka tundu linajaa, kisha mlango anauziba kwa duara nyingi zilizopangana. Hana tepu wala chaki, na kila kifuniko kinakaa kwenye kinywa cha chumba chake bila kuzidi na bila kupungua. Hapo, kama fundi, namheshimu kabisa.

Lakini kuna jambo lililonishangaza kuliko mkato. Kwa nyuki, yai lililorutubishwa hutoa jike, na yai lisilorutubishwa hutoa dume. Mama anahifadhi mbegu za dume mwilini mwake, na ndiye anayeamua, yai kwa yai. Ndani kabisa ya tundu anataga majike, karibu na mlango anataga madume. Madume hukomaa mapema na hutoka kwanza, hivyo hakuna anayemzibia mwenzake njia. Yote haya anayapanga kwa watoto ambao kwa kawaida hatawaona, maana wakitoka yeye ameshakufa. Nililea wanangu nikiwa mjane, na siku niliyosoma habari hiyo nilikaa kimya kwa muda mrefu mbele ya mashini.

Waridi halikufa. Linachipua na kutoa maua vilevile. Ukitaka kumtambua nyuki huyu asipokuwa na jani, mwangalie tumbo: nyuki wa asali hubeba chavua kwenye miguu ya nyuma, huyu huibeba chini ya tumbo, na akiwa juu ya ua hupenda kulibinua tumbo hilo juu, limejaa njano.

Baada ya huyo, macho yalifunguka. Mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo hapahapa mjini na kulala kwetu, akaanza kupiga picha kwa simu. Kila jioni nasikia: “Mama mdogo, njoo uone, huyu ni mwingine.” Na kweli ni mwingine. Tumeshaona zaidi ya aina 10 ambazo mimi na yeye, bila darubini, tunaweza kuzitenganisha. Majina kamili ni kazi ngumu, kwa kuwa nyuki wengi wa Afrika hawatambulikani mpaka mwisho kwa picha peke yake. Mtaalamu lazima amshike, amwangalie mishipa ya bawa na vinyweleo. Na sehemu kubwa ya wadudu wa Kongo waliokusanywa zamani iko Ubelgiji, kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, imechomwa pini ndani ya droo. Natamani siku moja mwanafunzi wa Goma aweze kufungua droo za namna hiyo bila kuomba viza.

Sasa niwaambie habari za mkubwa wao, nyuki seremala.

Kwenye boriti ya baraza lilitokea tundu la duara, upana wa kidole gumba, na chini yake unga mpya wa mbao. Nikamwita seremala wa mtaa, mzee ambaye ametengeneza nusu ya madirisha ya avenyu yetu. Akaangalia, akatikisa kichwa. “Mama, hawa wataiangusha nyumba. Tuzibe kwa simenti leo.” Nikamwambia, “Papa, nisamehe, kabla ya kuziba tuone wanafanya nini.” Nyuma ya nyumba kulikuwa na boriti ya zamani tuliyoitoa, yenye matundu yaleyale. Akaipasua taratibu kwa kufuata njia ya tundu.

Tundu linaingia kidogo, kisha linakata kona na kufuata nyuzi za mbao. Ndani kulikuwa na vyumba, na kati ya chumba na chumba ukuta mwembamba wa unga wa mbao uliotafunwa na kugandishwa. Kila chumba kilikuwa na bonge la chavua la njano, lenye harufu tamu na chachu kidogo, na juu yake yai jeupe refu sana. Mayai ya nyuki seremala, Xylocopa, ni miongoni mwa mayai makubwa kabisa ya wadudu wote. Papa akanyamaza. Halafu akauliza, “Kwa hiyo mbao hawali?” Hawali. Wanachimba tu. Chakula chao ni nekta na chavua. Tena hawa hawafuati desturi ya kufa mapema: jike anaweza kuishi muda mrefu, akakaa nyumba moja na binti zake waliokwisha kuota mabawa, na tundu moja likatumiwa na vizazi kadhaa.

Tulikubaliana hivi. Nyuki seremala anapenda mbao kavu, iliyo wazi. Mbao iliyopakwa rangi hachimbi kwa hamu. Basi Papa akapaka rangi nguzo na boriti zinazobeba paa, na ile boriti ya zamani, iliyobaki na matundu mazima upande mmoja, tukaisimamisha chini ya marakuja. Walihamia.

Nimesema chini ya marakuja kwa sababu. Ua la marakuja ya zambarau, haya tunayolima huku kwenye baridi, hufunguka asubuhi na kabla ya adhuhuri linafunga. Nekta iko kwenye pete chini kabisa, na juu ya pete hiyo visanduku vya chavua vinaning'inia vikitazama chini. Baada ya ua kufunguka, vidole vitatu vya kike vya ua, vile vinavyopokea chavua, navyo vinajipinda kushuka. Nyuki wa asali ni mdogo mno: anapita chini yake, anakunywa, au anajiokotea chavua na kuondoka, mara nyingi bila kugusa panapotakiwa. Nyuki seremala anazunguka pete hiyo na mgongo wake unasugua juu. Anatoka kwenye ua mgongo una njano, anaingia kwenye ua lingine. Chavua ya marakuja ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Huko Brazil, kwenye mashamba ya marakuja ya njano ambako nyuki hawa wamepungua, wakulima hulipa watu wapite ua kwa ua wakipaka chavua kwa vidole. Ukishajua hilo, tundu kwenye boriti unaliangalia kwa jicho lingine.

Watoto wa jirani wanamwogopa yule mwenye manyoya ya njano anayesimama angani mbele ya uso wa mtu, anakukodolea macho. Huyo ni dume. Analinda eneo lake akingoja majike, na hawezi kumuuma mtu yeyote, kwa sababu mwiba wa nyuki ni kiungo cha kutagia kilichobadilika; dume hana. Jike mweusi anao, lakini ni mpaka umshike au umkanyage. Nyuki wanaoishi peke yao hawana akiba ya asali wala kundi la kutetea, kwa hiyo hawakufukuzi. Watoto wangu wadogo wa mtaa huu sasa wanasimama chini ya lile dume na kulirushia kijiwe kidogo hewani ili walione likikifukuza. Linakifukuza kweli.

Tomati nilizielewa kwa masikio. Nikiwa nakanyaga mashini nasikia mlio wa nyuki akiruka, mzito, wa kuendelea. Halafu unakatika, na unakuja mwingine mfupi, mwembamba, wa juu: zzii, kimya, zzii. Niliacha kazi nikaenda kuangalia. Ua la tomati lina koni ya njano katikati, na chavua imefungwa ndani ya koni hiyo. Inatokea kwenye ncha. Huwezi kuichota. Lazima itikiswe. Nyuki anaing'ata koni kwa taya, anaikumbatia, anakunja mabawa, kisha misuli ya kifua, ile inayopigisha mabawa, anaitetemesha bila mabawa kupiga. Chavua inamwagika juu ya tumbo lake. Nyuki wa asali hajui kazi hiyo. Anaweza kuzaliwa na kufa kwenye shamba la tomati bila kuifanya.

Ni kweli tomati inaweza kujirutubisha yenyewe, na upepo husaidia kuitikisa. Lakini iliyotikiswa na nyuki hushika matunda zaidi na makubwa zaidi, na kwenye parseli iliyozungukwa na ukuta wa mawe kama hii upepo ni haba. Wazungu walilijua hili kwa gharama. Kwenye nyumba zao za vioo walikuwa wanalipa wafanyakazi kupita na vijiti vya umeme vinavyotetemeka, mpaka katikati ya miaka ya 1980 daktari wa mifugo wa Ubelgiji, Roland de Jonghe, alipoona kwamba nyuki wakubwa wenye manyoya mengi wa kwao, Bombus, wanaifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Leo makundi ya Bombus huuzwa ndani ya maboksi. Afrika yetu, kusini mwa Sahara, haina Bombus wa asili. Kazi hiyo hapa inafanywa na nyuki seremala, na nyuki wa mistari ya buluu, na wadogo wa ardhini, na hatulipi hata franga.

Biringanya ndiyo inayowahitaji zaidi. Watafiti waliofanya kazi Nguruman, kusini mwa Kenya, waliandika mwaka 2008 kwamba wachavushaji wa maana wa biringanya pale walikuwa nyuki wawili wa porini: Xylocopa caffra na mdogo mmoja wa ardhini, Macronomia rufipes. Na kuna jambo mkulima anapaswa kulishika: ua la biringanya halina nekta, na la tomati pia halina. Nyuki anapata hapo mkate bila kinywaji. Kinywaji lazima akipate kwingine, kwenye maua ya kando, maua ambayo mtu anayapita akiyaita majani. Parseli iliyong'olewa kila kitu isipokuwa tomati ni meza isiyo na maji. Ndiyo maana naacha basili itoe maua, naacha maharage ya mwisho yachanue, na kando ya ukuta naacha Tithonia, ile ya maua makubwa ya njano iliyoletwa kutoka Amerika ya Kati na sasa imejaa Kivu nzima.

Huyo wa mistari ya buluu nampenda kupita wote, nisikatae. Jina lake ni Amegilla. Mwili wa kahawia, tumbo jeusi lenye mistari inayong'aa ya buluu ya kijani, ulimi mrefu, na mwendo wa haraka ambao simu haiwezi. Unaona picha ya ua na kivuli. Picha nzuri inapatikana jioni, kwenye saa kumi na mbili. Madume hawana nyumba; wanachagua kijiti kikavu, wanaking'ata kwa taya, wanakunja miguu na kulala wakining'inia kwa mdomo, wanne watano kwenye kijiti kimoja. Asubuhi jua likiwapata wanaachia na kwenda. Kijiti chao kwetu ni bua la maharage lililokauka, na nimekataza lisiguswe.

Majike wanachimba udongo. Na hapa ndipo nataka watu wa Goma wanisikilize.

Karibu aina 7 kati ya kila 10 za nyuki duniani hujenga ardhini. Wanahitaji udongo ulio wazi, mkavu kidogo, unaopigwa na jua. Sasa fikirini mji wetu. Chini ni jiwe. Udongo uliopo tumeununua na kuumwaga kwenye kona ndogo. Kinachobaki, tukipata pesa, tunakitandika simenti au pavé kwa sababu ya vumbi. Vumbi la Goma nalijua, linaingia mpaka ndani ya nguo mpya iliyofungwa kwenye nailoni, na simlaumu mwenye kutafuta nafuu. Lakini parseli ikifunikwa yote, nyuki wa ardhini wa parseli hiyo wamekwisha, na wengi wao ni wadogo, hawaruki mbali. Mita mia kadhaa kwao ni safari. Hawawezi kutoka mbuga ya Virunga kila asubuhi kuja kututikisia tomati za Katindo.

Kwetu wanakaa kwenye njia ya kwenda chooni, upande wa jua. Ukiinama utaona vitundu vya upana wa milimita 3 au 4, kila kimoja kimezungukwa na kilima kidogo cha udongo laini. Mtu atasema ni sisimizi. Kaa hapo kidogo. Utaona kichwa kidogo kimeziba mlango kwa ndani, kinarudi nyuma mwenzake akija na chavua miguuni, kisha kinaziba tena. Ni mlinzi. Baadhi ya nyuki hawa wadogo wa jamii ya Halictidae hukaa majike wachache kwenye shimo moja na kuwekeana zamu. Wengine wao wana rangi ya kijani ya shaba, na mchana wa joto wanatua kwenye mkono wa mtu kulamba jasho kwa ajili ya chumvi. Hawaumi, ila ukiwabana. Mwache alambe.

Kufagia hakuwaui. Mimi nafagia kila asubuhi, na siwezi kuishi kwenye parseli chafu. Fagio laini linapita juu, wao wanafungua mlango upya. Kinachowaua ni jembe la kina, maji ya kufulia yanayomwagwa palepale kila siku, na simenti. Nimewatengea eneo la mita moja kwa mbili hivi chini ya ukuta. Halilimwi, halimwagwi maji, halipandwi kitu. Mgeni akiliona anadhani nimelisahau. Ukubwa wa mkeka tu, na hapo ndipo kwenye vitundu vingi kuliko pengine pote.

Kuna na mwizi. Mweusi, ana madoa meupe yenye kuelekea buluu ya mbingu, mzuri kuliko karibu wote. Anaitwa Thyreus. Hana nywele za kubebea chavua kwa sababu habebi. Anavizia shimo la Amegilla, mwenyewe akiondoka anaingia, anataga yai lake, na mtoto wake anakula akiba ya mwingine. Mtoto wa dada yangu alipolielewa hilo alichukua kandambili. Nikamzuia. Mwizi wa namna hii anaishi tu pale ambapo wenye mali wapo wengi wa kutosha. Siku akipotea yeye kwanza, ndipo nitaanza kuwahofia Amegilla.

Wa mwisho niwataje wale wa ndani ya mabua. Ukivunja bua kavu la Tithonia, katikati lina moyo mwororo. Nyuki weusi wembamba wa jamii ya Ceratina na Braunsapis wanauchimba huo moyo. Braunsapis wana desturi ambayo sijaisikia kwa nyuki wengine wa bustani yetu: hawagawi vyumba. Watoto wote wanakaa pamoja kwenye ushoroba mmoja, na mama anawalisha kidogo kidogo wanavyokua. Kwa hiyo mabua makavu sitii jikoni yote. Fungu moja nalifunga kwa kamba na kuliegesha chini ya paa.

Dawa. Sokoni zinauzwa kwenye chupa ndogo zisizo na karatasi, muuzaji mwenyewe hajui imechanganywa nini, na mtu anamwaga saa tatu asubuhi juu ya maua ya maboga. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri limenyauka. Dume ni ua lingine na jike ni ua lingine, na chavua haivuki bila nyuki. Ukipuliza saa hiyo umewaua walewale waliokuja kukupa boga. Mimi natumia maji ya sabuni kwa vidukari, na mkono kwa viwavi. Anayelazimika kupuliza, apulize jioni, na asiguse maua yaliyofunguka. Naomba hili kwa kila mtu anayelima hapa Goma, na Bukavu, na Sake. Naliomba kwa moyo wote.

Papa seremala amebadilika kuhusu hawa wadudu kuliko nilivyotegemea. Mwezi uliopita alikuja bila kuitwa, ana kipande kinene cha mbao chini ya kwapa. Alikuwa amekitoboa safu safu: milimita 4, 6, 8 na 10, kina cha sentimita 15, upande wa nyuma umefungwa. Tukakipigilia chini ya paa, kikitazama mawio ya jua, mahali mvua haifiki. Ya milimita 8 yameanza kuzibwa kwa majani ya waridi. Mawili ya milimita 6 yamezibwa kwa utomvu mweusi unaonata, na aliyeziba hatujamwona akiwa kazini. Ya milimita 4 yaliingiliwa na sisimizi, tukapaka mafuta kwenye ukingo wa ubao wakaacha. Yatabadilishwa baada ya misimu michache, kwa sababu matundu ya zamani huota ukungu na kujaa vimelea. Swali la Papa sasa ni kama wanapenda mkaratusi au grevilea. Ametoboa vipande viwili, kimoja cha kila mti, anavileta Jumamosi.